Uliza Karani: Nimeitwa kuwa asesa, ntaenda kufanya nini kule kortini?

Banange, mwezi huu simu yangu imejaa meseji za korti mpaka zile za mashamba na za ndoa nimeziweka kando, mtanisamehe. Kwa wanaosoma ukurasa huu mara ya kwanza, mimi nilikuwa karani na mkalimani wa korti kabla sijastaafu, sio jaji na sio wakili, kwa hiyo mwenye kesi yake mwenyewe atafute wakili, mimi naeleza tu yale niliyokuwa nayaona nikiwa nimekaa pale mbele chini ya meza ya jaji na mafaili yamenifika kidevuni.

Shikamoo mzee Karani. Mimi ni mwalimu wa primary hapa Bugiri, juzi nimeletewa barua ya Mahakama Kuu kwamba nimechaguliwa kuwa asesa kwenye kesi za mauaji. Mke wangu analia, anasema nakwenda kunyonga watoto wa wenzangu na ndugu zao watatufuata nyumbani. Kwenye filamu naona watu 12 wanafungiwa chumbani. Ni hivyo? Na naruhusiwa kukataa? – Mwalimu, Bugiri

Marahaba mwalimu. Kwanza kamwambie mama watoto afute machozi, hauendi kunyonga mtu. Wale 12 wa kwenye filamu ni juri, hayo ni ya Uingereza na Marekani, sisi Uganda hatuna juri, tuna asesa, na sheria inasema wawe wawili au zaidi, mimi karibu kesi zote nilizokaa walikuwa wawili tu. Watanzania wanawaita wazee wa baraza au washauri wa mahakama, na hilo la washauri ndo linasema kazi yenyewe, unashauri, haukati kesi. Anayekata ni jaji. Na kwenye adhabu asesa haulizwi kitu kabisa. Hata hicho kifo siku hizi sio lazima kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima huo mwaka 2009 kwenye kesi ya Susan Kigula na wenzake, sasa jaji anapima mwenyewe, na mara ya mwisho raia kunyongwa hapa kwetu ilikuwa 1999. Mwambie mama.

Sasa siku yenyewe. Utafika asubuhi mapema kama barua inavyosema, halafu utakaa. Gari la magereza limechelewa, au wakili yuko korti nyingine, au shahidi amekosa nauli ya kutoka kijijini, na hiyo kukaa ndo sehemu kubwa ya kazi ila hakuna anayewaambia watu mapema. Sesheni moja inapangiwa kesi nyingi, arobaini hivi ni kawaida, kwa hiyo usifikiri umeitwa kesi moja ya siku moja halafu jioni unarudi kusahihisha madaftari.

Jaji akiingia wote mnasimama. Mshtakiwa anasomewa shtaka kwa lugha anayoielewa. Akikubali kosa, au akiwa ameshaelewana na serikali apunguziwe adhabu (hayo maelewano yana kanuni zake tangu 2016), faili hilo halina kazi yako. Akikataa ndo mnaitwa mbele, anaulizwa kama ana pingamizi na nyie, kisha mnaapa kwamba mtatoa ushauri bila kupendelea upande. Na pale mwanzoni kuna kitu asesa wengi kinawapita kwa sababu bado wanatetemeka: mawakili wa pande zote mbili wanakubaliana mambo yasiyo na ubishi. Kwenye mauaji mara nyingi ni ile ripoti ya daktari aliyepasua maiti, fomu ya polisi namba 48, na fomu 24 ya kumpima mshtakiwa mwenyewe. Yakishakubaliwa hakuna shahidi atakuja kuyarudia, so kama haukusikiliza hapo basi imekula kwako, hautajua marehemu alikufa na nini.

Halafu mashahidi wa serikali wanaanza mmoja mmoja. Utashangaa inavyokwenda polepole. Korti nyingi nilizokaa jaji alikuwa anaandika ushahidi kwa mkono, wakili anauliza swali, shahidi anajibu kwa Lusoga, mkalimani anageuza Kiingereza, jaji anaandika, wote tunaangalia kalamu, kalamu ikisimama ndo swali lingine. Shahidi mwenye maneno mengi anazuiwa kila nusu dakika, ngoja, ngoja, mpaka mwenyewe anasahau alikuwa wapi. Wewe nenda na daftari na kalamu mbili. Kesi inaweza kusikilizwa Jumatatu, ikaahirishwa, ukaja kuombwa maoni siku nyingi baadaye, na kichwa hakiwezi kubeba yote hayo.

Kuuliza swali unaruhusiwa ila unapitia kwa jaji, na uulize ili uelewe, sio kumbana shahidi kama wakili. Watu wanaona aibu kuuliza, acha nikupe moja. Kulikuwa na shahidi mzee, askari mstaafu, anatoa ushahidi kwa Kiswahili cha kambini. Akasema, "nikaona amempiga na bunduki." Mkalimani wa siku hiyo (sio mimi, nilikuwa kwenye mafaili) akageuza kwamba alimpiga kwa bunduki, yaani kama fimbo. Jaji akaandika, mawakili wote kimya, tunaendelea. Asesa mmoja, mama muuza samaki, akanyoosha kidole akaomba kumuuliza shahidi: alimpiga na kitako au alimpiga risasi? Mzee akamwangalia kama mtu anayeuliza kama maji yanalowesha. "Risasi, mama. Nimesema amempiga." Korti nzima watu wa sheria na hakuna aliyelishika, muuza samaki akalishika kwa sababu yeye Kiswahili ndo anachouzia samaki.

Serikali ikimaliza mashahidi wake jaji anaangalia kama kuna kesi ya kujibu. Kama haipo anamwachia pale pale na ushauri wako hautaombwa, usione umedharauliwa, ndivyo sheria ilivyo. Kama ipo mshtakiwa anachagua mwenyewe: aape na aulizwe maswali na wakili wa serikali, au aseme bila kuapa akiwa kizimbani na hakuna wa kumuuliza, au anyamaze. Hapa asesa wengi wanateleza, mtu akinyamaza wanasema moyoni huyu ameshakubali. Hapana mwalimu, kunyamaza ni haki yake, mwenye mzigo wa kuthibitisha ni serikali mwanzo mpaka mwisho, na mzigo wenyewe ni mpaka shaka ya maana isibaki. Kama umebaki na shaka ya maana, ushauri wako ni "hana hatia" hata kama sura yake haikupendezi.

Mwisho mawakili wanasema ya mwisho, jaji anawafupishia nyie asesa ushahidi na sheria, na hapo weka simu mbali kabisa kwa sababu anawaeleza kosa lenyewe lina vipande gani. Mauaji kwa mfano, kwanza mtu amekufa, amekufa kinyume cha sheria, aliyemuua alikusudia, na aliyemuua ni huyu. Kimoja kikikosekana kesi ya mauaji imevunjika. Mnaweza kutoka nje kidogo mkajadiliana wawili nyie, mnarudi, mnasema kwa mdomo jaji anaandika. Sio lazima mkubaliane. Ila sema na sababu tafadhali, nimeona asesa anasimama anasema "naona ana hatia" anakaa, jaji anamuuliza kwa nini, anasema "naona tu".

Kuhusu ndugu wa mshtakiwa, utakutana nao, choo ni kimoja na mti wa kivuli ni mmoja. Salimia, pita. Mtu akikuletea habari ya kesi, iwe bahasha iwe machozi, mwambie karani siku hiyo hiyo amfikishie jaji, usingoje kesho. Na usipande boda kwenda kijijini kuangalia pale mahali palipotokea jambo eti ujiridhishe. Kama kuna haja korti itakwenda yote, na jaji, na mawakili, na mshtakiwa mwenyewe.

Kukataa: barua ya korti sio kadi ya harusi. Kama una sababu ya kweli, ugonjwa, mtihani wa P7 (darasa la saba) unausimamia, nenda mapema ofisini kwa msajili ueleze ukiwa na karatasi mkononi.

Mzee mimi ni asesa tayari, kesi inaanza wiki ijayo na nimegundua mama wa mshtakiwa tunaswali naye msikiti mmoja na tupo kikundi kimoja cha kuweka akiba. Ninyamaze? – Hajati, Iganga

Usinyamaze Hajati. Msikiti peke yake mji mdogo kama huo sio tatizo kubwa, mngekosa asesa, lakini hicho kikundi cha akiba ndo kitakuponza, mna hela pamoja. Sema kwa karani kabla haujaapa. Sheria inaruhusu pande zote mbili kumpinga asesa kabla ya kiapo, kwa kuhofia upendeleo, au ugonjwa na uzee uliozidi, au haoni au hasikii, au aliwahi kufungwa kwa kosa linalomfanya asifae, au Kiingereza cha korti hakiwezi vizuri. Utabadilishwa na hakuna mtu atakukasirikia. Ukinyamaza halafu ijulikane katikati ya kesi ndo balaa. Asesa mmoja akikosekana kesi inaendelea na aliyebaki, lakini wote wawili wakitoka, siku moja wewe, siku nyingine mwenzako anaumwa, kesi inaanza upya na asesa wapya, na mashahidi walewale wanaitwa tena kutoka vijijini.

Karani, mimi nina hasira. Nilikaa asesa kesi ya panga, siku zote nilihudhuria, nikasema ana hatia na mwenzangu akasema ana hatia, jaji akamwachia! Sasa walituita tukapambe korti? – Mzee wa Mayuge

Pole sana mzee mwenzangu, hiyo hasira naijua, nimeshawaletea asesa maji ya kunywa wakiwa nayo. Lakini haukuitwa kupamba. Jaji hafungwi na maoni yenu, hiyo ndo tofauti yetu na juri, ila akiwapinga hapiti kimya kimya, lazima aandike kwenye hukumu sababu zake. Hukumu inasomwa korti ya wazi. Nenda kwa karani uombe kuiona, utafute mahali alipoandika kwamba amewasikia asesa lakini amefika kwingine. Nakisia tu maana faili sijaliona, kesi za panga mara nyingi zinaangukia kwenye kumtambua mtu usiku: shahidi alimuona kwa mwanga gani, umbali gani, kwa muda gani, alikuwa anamjua kabla? Mtu anasema "nilimjua kwa sauti", sisi watu wa kawaida tunaona inatosha, jaji anaona haitoshi.

Nakubali lakini kwamba mpango wenyewe una maswali. Kenya waliwatoa asesa 2007, Tanzania 2022 wakaondoa ulazima wa kuwa nao, na hata hapa mawakili wengine wanasema asesa wanachelewesha tu. Mimi siko upande huo. Jaji anatoka Kampala, haijui hii milima wala haya mashamba, asesa ndo anajua kwamba saa moja jioni msimu wa mvua huku kwetu tayari ni giza, na kwamba mtu akisema "ndugu yangu" huenda ni binamu wa ukoo tu. Hayo kwenye kitabu cha sheria hayapo. Ila kama asesa anakuja kulala mchana halafu anasema "naona tu", basi wanaotaka kuwatoa wana hoja.

Dada yangu yuko Leicester, anafanya kazi ya kutunza wazee, ameletewa barua ya kwenda kuwa juri na hana hata pasipoti ya Uingereza, yeye ni Mganda kamili. Ni matapeli? – Kaka mtu, Nansana

Inaweza kuwa barua ya kweli kabisa, usimwambie achane. Watu wengi hawajui hili: Uganda iko Jumuiya ya Madola, na raia wa nchi za Jumuiya wanaoishi kule kihalali wanaweza kujiandikisha kupiga kura, na juri wanaokotwa bila kuchagua kutoka kwenye daftari hilo hilo la wapiga kura. England na Wales masharti ni awe na miaka 18 mpaka 75, na awe ameishi kule angalau miaka 5 tangu atimize 13. Kama miaka hiyo haijafika aandike hivyo kwenye majibu, watamwachia. Asipojibu kabisa anaweza kupigwa faini mpaka pauni 1,000. Kama tarehe ni mbaya anaweza kuomba kusogezewa mara moja ndani ya miezi 12. Mshahara hawampi, anadai nauli, chakula na sehemu ya hela aliyopoteza kazini, so karatasi ya mwajiri aijaze mapema, hasa hizo kazi za zamu.

Atakaa siku 10 za kazi kwa kawaida, kesi ikiwa ndefu na yeye atakaa zaidi. Huko nako ni kusubiri, ukumbi umejaa watu na vitabu na chaja. Wanaitwa kikundi, karani anachanganya kadi za majina anachomoa 12, wanaapa, na kuanzia hapo wale 12 ndo wenye kesi, jaji anawaeleza sheria lakini "ana hatia" au "hana hatia" wanasema wao, na adhabu ni ya jaji. Kwanza wanatakiwa wakubaliane wote. Wakishindwa, baada ya muda usiopungua masaa 2 na dakika kidogo, jaji anaweza kuwaambia atakubali hata 10 kwa 2. Sababu hawaandiki mahali, tofauti na sisi.

Na hapa mwambie dada yako kwa herufi kubwa: asimtafute mshtakiwa kwenye Google wala Facebook. Mwaka 2011 mwanamke mmoja aliyekuwa juri kesi ya Manchester alichati na mshtakiwa Facebook, akafungwa miezi 8, na tangu 2015 kujichunguzia mwenyewe habari za kesi ukiwa juri ni kosa la kwenda jela mpaka miaka 2. Waliyoongea mle chumbani ni siri hata kesi ikiisha, so wewe kaka mtu na hilo grupu lenu la WhatsApp la ukoo msimbane awasimulie. Najua mtambana.

Mimi niko Waltham, Massachusetts, nina grini kadi, nimeitwa juri pia. Niende? – Mama Junior

Hapana, Marekani ni raia tu. Massachusetts wanatumia orodha za wakazi wa mji kwa hiyo barua zinawafikia hata wasio raia, ni kawaida, haukufanya kosa. Jibu hiyo barua, weka alama panapouliza uraia kwamba wewe sio raia, hifadhi nakala. Usije ukajifanya raia eti uone korti, kule kudanganya uraia kunaweza kukuharibia makaratasi yako yote.

Asesa anavaa nini, simu anaingia nayo, na chakula wanatoa? – Kijana wa Kamuli

Vaa kama unakwenda kuposa, shati lenye kola, kaptula na malapa wanakurudisha mlangoni. Simu zima kabisa, sio kuiweka mtetemo, ikitetemeka juu ya benchi la mbao jaji anaisikia kuliko wewe. Posho ipo, namaanisha hela sio ugali, na inaweza kuchelewa, kwa hiyo kila siku hakikisha karani ameandika jina lako kwamba ulihudhuria na wewe uandike kwenye daftari lako. Chakula jitegemee. Nje ya korti nyingi hukosi kijana wa rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai, sio saa), muagize saa nne kabla mapumziko hayajaanza, maana saa saba mawakili wanakuwa wamemaliza mayai yote.